Mikono Iliyomtoa Anselmo Motoni

Mgeni rasmi, dereva wetu wa mbio za magari Anselmo Barrientos, karibu tena South End, mtaa wetu wa Louisville. Mbele yako tumekaa wabadilisha magurudumu, wapakiaji wa maghala na familia zetu, kutoka Louisville, Columbus na Buffalo. Binti yetu Séphora, hapo pembeni yako, anakutafsiria kwa Kihispania. Tumemwambia asilainishe neno.

TULIVYOKUJUA

Magazeti yanakuanzia siku ya ubingwa. Sisi tunakumbuka nyuma zaidi. Mtoto wa fundi magari wa Puebla, uliyejifunza usukani ukiwa umekalia debe ili uone mbele, ulikuja hapa ukapanga matairi ghalani pamoja nasi. Mwenzetu Mirindi, mzaliwa wa Uvira, ndiye aliyekumegea bugali yake, ugali wa kwao, siku ya kwanza. Ukaonja, ukasema, "Hii ni chapati yetu ya mahindi, ila imekataa kulala." Mkewe, Mama Theodosia, akakujibu, "Kula, shemeji, na kesho uje na bakuli lako." Ukaja nalo.

ULIVYOPANDA

Mbio zako za kwanza za maana zilikuwa Columbus, kwa gari la kuazima, mlango umefungwa kwa waya, Mirindi akikubadilishia magurudumu. Ulishinda. Timu kubwa ilipokuita, ulisema huendi bila yeye, wakakubali. Hilo tunalisoma kwa sauti kwa sababu ni kweli, na haki yako hatuili.

BUFFALO

Sasa lile ambalo kwenye sherehe huwa linarukwa.

Gari lako lilipinduka kona ya mwisho, likaanza kuwaka nawe ukiwa ndani. Kanuni inasema mtu wa timu asivuke ukuta wa kuingia njia ya mbio kabla ya bendera nyekundu ya kusimamisha magari. Mirindi aliijua. Lakini kwenye barabara ya Uvira gari likipinduka hakuna wa kungojwa: zimamoto haiji, polisi haji. Anayepita anatua mzigo wake anakimbia. Miguu ya Mirindi ilikumbuka Uvira kabla kichwa hakijakumbuka Buffalo. Akavuka bila nguo ya kukinga moto, akakata mikanda, akakuvuta. Ndugu zetu wa mtaa wa Bailey, hukohuko Buffalo, walikuwa jukwaani, waliona.

Ulipotoka hospitali uliwaambia waandishi, "Mungu alinitoa." Hatubishi. Bon, ila siku ile Mungu alitumia mikono ya Mirindi, na mikono hiyo iliyoungua hadi leo haifungi kifungo cha shati bila Theodosia. Wakuu wa mbio wakamfungia, asikanyage tena karibu na gari la mashindano. Wewe ukapona, ukaja kubeba kombe la ubingwa, ukanyamaza. Sisi huwa tunanyamazishwa. Wewe nani alikunyamazisha?

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi. Mirindi kayakataa yote.

"Msimwaibishe mdogo wangu," alituambia.

"Mdogo wako aliyekusahau?"

"Hajasahau. Anaogopa."

"Kwenye kona mbona haogopi?"

"Kwenye kona hakuna bosi," akasema, akacheka.

Donc, kwa hiyo limebaki moja. Jumamosi hii, huko Columbus, wakuu wa mbio wanasikiliza rufaa yake. Anataka kurudi kuwafundisha vijana kazi ile. Mikono imekataa, jicho bado zima. Wakuu wana picha ya mtu anayevuka ukuta. Hawana neno la aliyekuwa ndani ya gari. Njoo uwaambie kwamba bendera ingengojwa, leo hapa pangekuwa na picha yako na mishumaa. Tunajua timu yako haitafurahi. Wakili wetu Gitonga, Mkenya wa mtaa wa Clintonville hukohuko Columbus, amekuwekea kiti kati yake na Mirindi.

BARAKA

Picha tutapiga nawe, na chakula kipo. Bakuli lako Theodosia hakulitupa. Ndilo hilo mezani.

Mungu akulinde kwenye kila kona. Na siku gari likipinduka tena, akupe mtu asiyengoja bendera.

Ni sisi,
Umoja wa Watu wa Magurudumu, Louisville, Columbus na Buffalo.