Saveta Lazea, Aliyewashonea Wengine Kanzu za Ubatizo

Ndugu wafiwa na waombolezaji wote, marehemu Saveta Lazea alizaliwa tarehe 9 Novemba 1948 katika kijiji hiki cha Poiana Morii, mtoto wa kwanza wa Teodor na Rahila Bodea, Wabaptisti ambao majirani waliwaita "watubu" kwa kuwacheka, na kama ilivyo desturi yetu hakubatizwa utotoni, ila aliombewa tu, akasubiri akue aikiri imani yake mwenyewe.

Alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, na kila Jumatatu mwalimu, kama serikali ya kikomunisti ilivyotaka, alimsimamisha ubaoni aseme mbele ya wenzake kwamba jana hakwenda kusali, naye kila Jumatatu alisema alikwenda, akachapwa viganja, akarudi kukaa.

Mwezi Agosti 1966 aliomba kubatizwa, pamoja na mdogo wake Iosif, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na wazee wa kanisa wakawahoji. Mzee Gligor Purdea, wakati huo kijana wa miaka thelathini, alimuuliza, "Saveta, uliokoka siku gani?" Akajibu, "Sijui, kaka. Tangu nijue kula mkate nampenda Yesu." "Hilo ni penzi la mama yako, binti. Wokovu una siku yake." "Basi mimi siku yangu siijui, nikitaja moja nitakuwa nimedanganya." Wakamwambia arudi akiwa tayari. Iosif, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alipoona hivyo, aliwaeleza kwamba tarehe 14 Juni radi ilipiga mti wa jozi, akaanguka kifudifudi, akatubu. Wazee walilia machozi. Radi ilipiga kweli, lakini Iosif alikuwa amelala fofofo juu ya nyasi kavu, na Jumapili tarehe 21 Agosti alizamishwa katika mto Crișul Negru, akiwa amevaa kanzu nyeupe aliyoshonewa na dada yake.

Marehemu aliajiriwa mwaka 1967 katika kiwanda cha nguo mjini Beiuș, akafanya kazi hapo miaka thelathini na moja, na nyumbani akaendelea kushona kanzu za wabatizwa wote wa kanisa hili, wakiwemo wengi mliokaa hapa mbele. Tarehe 3 Mei 1970 alifunga ndoa na Avram Lazea, aliyetutoka mwaka 2003, wakajaliwa watoto wawili, Estera na Natan, ambao walipobatizwa mama yao alisimama ukingoni na taulo mkononi. Marehemu aliomba tena kubatizwa mwaka 1974, akaomba tena mwaka 1989, na mara zote aliulizwa swali lilelile, akatoa jibu lilelile. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana alipokea sahani ya mkate kutoka kulia, akampa wa kushoto, bila kumega, maana kwetu asiyebatizwa hamegi, na jumuiya nzima iliona, ikanyamaza, Iosif akiwa wa kwanza kunyamaza, kwa sababu yeye alikuwa anamega.

Alianza kuugua kongosho mwezi Februari mwaka huu wa 2019, akalazwa hospitali mjini Oradea. Huko, mwishoni mwa Septemba, Iosif alimwambia ukweli wote kuhusu radi. Marehemu alimtazama, akasema, "Wewe mtoto, mimi ndiye niliyekuamsha siku ile mvua ilipoanza. Nimekusubiri wee, mpaka nimechoka." Akamshika mkono, hakuuachia mpaka chakula kilipoletwa.

Tarehe 3 Oktoba mzee Gligor alifika, akavua kofia, akasema, "Dada Saveta, taja siku yoyote tu, tukubatize hata hapa bafuni, tusikuzike hivi." Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Gligor, miaka hamsini na mitatu unataka siku ya kweli, leo unataka yoyote? Ngoja nikamuulize mwenyewe, nadhani anaikumbuka." Mzee alikaa kitandani pake, akalia, lakini hakubadili neno.

Alifariki Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, Estera akimsomea Zaburi. Jumamosi wazee walituomba historia hii ifupishwe, na katika tangazo asiitwe "dada katika Bwana", aitwe "rafiki wa kanisa". Familia imekataa, ikaamua isomwe yote. Iosif naye leo asubuhi amemkabidhi katibu barua, akiomba jina lake lifutwe kwenye daftari la waumini, kwa kuwa liliandikwa kwa uongo, na katibu amemsihi asubiri mazishi yaishe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Oradea, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja kwa basi, jirani yetu Floarea wa kanisa la Kiorthodoksi, aliyempikia supu miezi minane bila kumuuliza lolote, na mzee Gligor, ambaye pamoja na yote alichimba kaburi hili kwa mikono yake, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Pumzika, dada Saveta, umefika. Sisi huku bado tunajadiliana.