Hakumpiga Mzee, Alimpiga Picha

Mgeni wetu rasmi, ambaye ndiwe Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, msimamizi wa ulinzi pamoja na vijana wako mliosimama juani, ndugu wakazi.

Sisi wapiga picha wa bustani ya manispaa tunakukaribisha mahali ambapo siku hizi sisi wenyewe hatukaribishwi. Tuliagizwa tuandike risala ya kulisifu lango jipya. Lango ni zuri na rangi yake imekolea. Sifa zake zinaishia hapo, maana yaliyotujaa moyoni ni mengine. Katibu aliambiwa ayalainishe kidogo, akakataa, na wote tukamuunga mkono.

TULIKOTOKA

Kabla ya uzio huu, bustani ilikuwa studio yetu, nayo haikuwa na mlango. Wahitimu, wachumba, watoto waliovishwa viatu vipya vinavyowabana, wote walisimama kando ya chemchemi ile tukawapiga. Ndivyo tunavyosema kazini. Mtu akiuliza, "Leo umempiga nani?" anajibiwa, "Nimempiga bibi harusi na shangazi zake," na hakuna anayeshtuka. Neno "picha" tulilidondosha njiani zamani, kwa kuwa kila mtu alijua tunachopiga. Tunakuomba ulishike hilo, Mgeni rasmi, kwani ndilo lililomfunga mwenzetu.

MAFANIKIO

Sebule nyingi za mji huu zina picha zilizopigwa hapa. Hata ile yako iliyobandikwa kwenye kila nguzo wakati wa kampeni ilipigwa pale kwenye ngazi. Ulimwambia mpiga picha atafute upande utakaokuonyesha mwembamba, naye akahangaika mpaka akaupata. Tunamwita Cheka Kidogo, kwa sababu hajawahi kumpiga mtu bila kumwambia hivyo kwanza. Leo hayuko nasi. Yuko mahabusu, mkono umefungwa bendeji, anatuhumiwa kupiga watu.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita walikuja hapa mzee mmoja na mkewe. Walitaka picha za kuwapelekea wajukuu: kila mmoja peke yake, kisha wawili pamoja. Cheka Kidogo akamaliza na mzee, akamsogeza mama karibu na maji, akainama na jicho kwenye kamera. Hapo akaja mlinzi wa zamu, kijana aliyehamishwa asubuhi ileile kutoka ghala la saruji, akamuuliza anafanya nini. Mwenzetu, bila kuinua kichwa, akamjibu kwa lugha yetu ya kazi: "Nimeshampiga mzee, namalizia mama."

Kijana wa watu akashika redio yake akayafikisha maneno hayo langoni kama alivyoyasikia. Kuna mtu hapa ameshampiga mzee, sasa anamalizia mama. Walinzi wa langoni wangefanya nini? Walikuja mbio na virungu. Hilo hatuwalaumu, na kama isingekuwa mkono wa mwenzetu tungelicheka mpaka leo. Walimwangusha, wakamkunja mkono, kamera ikazama kwenye chemchemi. Mama alipiga kelele kwamba wamwache, wao wakadhani anaomba msaada, wakazidisha.

Hasira yetu inaanzia baada ya hapo. Ukweli ulijulikana palepale, mzee akiwa amesimama mzima na tai yake shingoni. Palihitajika neno moja tu, samahani. Badala yake msimamizi wa ulinzi, aliyeona aibu mbele ya watu, alisema hata hivyo kamera ni marufuku hapa. Tulimwomba atuonyeshe sheria hiyo, akatuonyesha kidole chake. Wakampeleka kituoni. Huko ilionekana kwamba hakuna sheria inayomzuia mtu kupiga picha kwenye bustani ya umma, basi shtaka likabaki vilevile lilivyotoka kwenye redio: kupiga watu. Mlalamikaji ni Manispaa.

Mzee mwenyewe alikwenda kituoni kwa miguu yake. Aliwaambia, "Mimi sikupigwa. Nilipigwa picha." Akajibiwa kwamba yeye si mlalamikaji, arudi nyumbani akapumzike.

Wakati mwenzetu anakunjwa mkono pale chini, nusu ya watu waliokuwepo walikuwa wanamrekodi kwa simu, na hakuna aliyeambiwa aweke simu chini. Simu ni burudani, ila kamera yenye mkanda shingoni ni ujasusi. Wapi tuliposomea ujasusi sisi, ambao kufungua akaunti ya benki ya kundi letu tu kumetushinda? Inatuuma, na tunasema wazi kwamba inatuuma.

Kwa walinzi tuna neno pia. Hawa ni ndugu zetu wa juani. Wamepewa redio na kirungu, hawakupewa maelezo. Hakuna aliyewaambia nani anaruhusiwa kufanya nini hapa, wala hawana hata banda la kujikinga na mvua. Kijana yule amekuja kwetu akatuomba radhi, tukamkaribisha chai. Amefanya lile ambalo wakubwa wake limewashinda.

Na shemeji yetu, mke wa Cheka Kidogo, hapiti sokoni tena. Akina mama wanaminyana viwiko wakimwona: huyo ndiye ambaye mumewe anapiga wazee. Mwanamume ambaye nyumbani hata kuku anaomba achinjiwe na jirani.

MAOMBI

Tulitarajiwa kuomba viti vya kupumzikia na taa. Hatuvitaki leo.

Tunaomba Manispaa ifute malalamiko yake dhidi ya mwenzetu, na ifute hadharani, ili hata sokoni wasikie. Simu moja kutoka kwako inatosha, na simu unayo, tumeiona ikikuita mara kadhaa tukiwa tunasoma. Halafu walinzi waambiwe ukweli kwamba bustani ni ya umma. Kuhusu kamera iliyoharibika tutazungumza mwenyewe akishatoka.

Mgeni rasmi, ofisi yako ilituagiza pia tuje na vifaa vyetu ili uzinduzi huu upate picha. Tumekuja navyo, tazama, kila mmoja wetu ana kamera shingoni na kifuniko kikiwa mahali pake. Utakata utepe, utapeana mikono na madiwani, utatabasamu, na sisi tutakutazama kwa macho tu. Hatuthubutu kumpiga Meya. Aliyempiga mzee tu hajarudi nyumbani.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie familia yako, na akupe ujasiri wa kuomba radhi kwa niaba ya walioshindwa.

Ni sisi,
Umoja wa Wapiga Picha wa Bustani,
tukiwa pungufu mmoja.