Dada Yetu Mizani, Mchoraji wa Rangi Tupu

Ndugu, jamaa, majirani na wachoraji wenzake mliofika: familia imenikabidhi mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu. Nitayasoma kama yalivyo kwenye karatasi mlizoshika. Yamo mambo ambayo hata ndani ya nyumba yetu hayakuwahi kusemwa, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, mama alikuwa mshonaji. Uani kulijaa ndoo na makopo, na marehemu alijua kutaja rangi kabla hajajua kuhesabu. Tarehe 2 Agosti 1965, akiwa na miaka tisa, chokaa mbichi iliyokuwa imetoka kumwagiwa maji, ikichemka kwenye ndoo, ilimrukia usoni. Jicho la kulia likafa siku hiyo hiyo. Miaka yote mmeambiwa kwamba alijikwaa. Hakujikwaa. Aliyeipiga ndoo ile teke ni mimi, nikiwa na miaka sita, kwa hasira ya kunyimwa brashi. Baba alitoka mbio akiuliza, "Nani kafanya hivi?" Marehemu, uso kaufunika kwa viganja, akajibu, "Mimi mwenyewe, baba. Nimejikwaa." Hakunitaja siku ile wala siku nyingine yoyote. Nilipomwendea kumwomba radhi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, alinikatiza: "Yaani umefunga safari yote hii kuja kunikumbusha maumivu? Kaa ule."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1970, na sekondari hadi 1974. Huko sekondari mwalimu wa sanaa aliweka birika mezani, akataka wanafunzi walichore. Marehemu alipaka michirizi mitatu ya rangi, basi. "Birika liko wapi?" mwalimu akauliza. "Birika tunaliona kila siku, mwalimu. Mimi nimechora rangi iliyo kati yake na ukuta." Alipata sifuri na baba akaitwa shuleni. Baba aliishika ile karatasi, akaitazama weee, halafu akasema, "Mwalimu, kosa lake nimeliona. Huu wa katikati ulihitaji nyeupe kidogo." Mwalimu hakumwita tena.

Mwaka 1975 aliajiriwa kwenye duka la rangi za nyumba kama mchanganyaji. Mafundi walimletea kipande cha lipu kilichobanduka ukutani, naye kwa jicho lake moja alikoroga mpaka rangi ya kopo na ya kile kipande zikawa kitu kimoja. Ndipo wakamwita Mizani, jina lililomganda. Jumapili alichora kwake: turubai kubwa zisizo na mtu, mti wala nyumba, rangi tupu zikisukumana na kuachiana nafasi. Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa mwaka 1989. Mgeni mmoja alisimama mbele ya mchoro, akauliza hiki ni kitu gani. "Ni nyekundu," marehemu akamjibu. "Kwani wewe ulitaka iwe nini?" Aliacha kazi ya duka mwaka 1994, na tangu hapo hakufanya kazi nyingine ila kuchora.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981 na shemeji yetu, seremala, aliyefika dukani kununua vanishi. Alirudisha kopo mara tatu akidai rangi siyo. Safari ya nne akakiri kwamba lile la kwanza lilikuwa sawa kabisa. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume, na fremu zote za marehemu alizitengeneza shemeji kwa mkono wake.

Mwaka 2010 jicho la kushoto, ndilo pekee lililokuwa likiona, liliingiwa na mtoto wa jicho. Marehemu hakumwambia mtu. Shemeji aligundua siku mkewe alipomwomba ampe tyubu ya zambarau ilhali mwenyewe kaishika mkononi. Kesho yake tyubu zote zilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa nyeusi. Daktari wa macho aliwaeleza kwamba upasuaji huo kwa kawaida huenda vizuri, ila hakuna wa kutoa ahadi, na hapa jicho ni moja tu. "Hilo likifa, mimi nitakuwa maiti anayetembea," marehemu akasema, na akakataa. Kwa miaka mitatu alichora kwa kusoma majina na kwa kukumbuka. Tulipomgusia habari ya hospitali, alinyanyuka mezani. Nyumba ile ikawa ya kunong'ona.

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2013 alikuwa akivuka barabara na mjukuu wake wa miaka minne. Taa za barabarani, alivyosimulia baadaye, zilikuwa ukungu mtupu. Alikanyaga lami. Gari lilifunga breki likasimama shibiri moja kutoka kwenye kichwa cha mtoto. Marehemu alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Kisha akasema, "Nipelekeni."

Alifanyiwa upasuaji tarehe 9. Kesho yake asubuhi tulisimama sote chumbani wakati daktari akifungua bandeji. Marehemu alipepesa jicho. Daktari akauliza, "Unaona nini, mama?" Shemeji alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, vidole vimemtoka rangi. "Koti lako, daktari," marehemu akasema hatimaye. "Watu wanadhani ni jeupe. Lina buluu." Shemeji alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto.

Hatukupata muda wa kufurahi. Kwenye ukumbi wa maonyesho tayari ilikuwa imetundikwa michoro yake ya rangi za mafuta ya miaka ile mitatu, kumi na mmoja kwa jumla, na ufunguzi ulikuwa tarehe 21. Alitaka apelekwe huko kabla ya nyumbani. Alisimama katikati ya ukumbi akageuka polepole. Alikuwa amekusudia manjano tulivu inayozimikia kwenye kahawia. Ukutani palikuwa na buluu kali, ya kuumiza, kila mahali, kwa sababu jicho bovu lilikuwa likiififisha buluu, naye akaongeza na kuongeza. "Ishusheni," akasema.

"Mama, kadi zimeshatoka," mwenye ukumbi akamwambia. "Na walioiona wameipenda mno."

"Wameupenda ugonjwa wangu."

Kwenye mfuko wa zana wa shemeji palikuwa na kisu cha kukatia turubai. Marehemu aliuchukua mfuko, akakitoa, akauweka ubapa wake kwenye mchoro wa kwanza. Mwenye ukumbi alirudi nyuma. Mimi kumzuia mtu huyu kwa mkono wangu ningeanzia wapi? Ni shemeji aliyesema, kwa upole, "Kata, mke wangu. Ila fremu uniachie. Hizo ni kazi yangu."

Marehemu alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi, akamrudishia kisu.

Kwa siku kumi na moja alichora mchana kutwa, akatoa michoro minne mipya yenye rangi alizokuwa amezikusudia. Aliitundika kando ya ile ya zamani, na ukutani akaandika kwa mkono wake: "Ya kushoto niliichora nikiwa sioni vizuri, na niliwaficha. Ya kulia nimeichora nikiona. Sijui ipi ni bora." Mkosoaji mmoja alimsema gazetini kwamba amejiharibia jina. Lakini mama mmoja mfua nguo alikaa mbele ya jozi ya pili kwa saa nzima, kisha akamwomba marehemu anwani ya daktari.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Alichora hadi mwisho wa Mei, kisha akabaki kitandani. Asubuhi ya tarehe 6 Julai nilikuwa peke yangu naye, naye hakuwa na nguvu ya kufumbua jicho. "Nje kuna rangi gani?" akaniuliza.

"Kijivu," nikamjibu.

"Kijivu kipi?"

Nilikwenda dirishani. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote maishani. "Juu ya mapaa kina wekundu kidogo," nikasema. "Kule mbali kinaelekea kijani."

"Enhe," akasema. "Hapo sawa."

Alifariki saa nne na dakika ishirini asubuhi hiyo, mumewe akiwa amekwisha kufika na kumshika mkono.

Marehemu ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake watatu. Ameacha pia turubai moja ambayo haijamalizika. Familia imekubaliana kwamba hakuna atakayeigusa.

Mungu ampokee dada yetu, na ampumzishe kwa amani.