Watu Watano, Maswali Thelathini

Kahawa ya Mama Birika ilikuwa imechemka mara ya pili na hakuna aliyeigusa. Kwenye ukuta nyuma ya benchi letu, ofisi ya mtaa ilikuwa imebandika tangazo: utafiti umeonyesha kwamba kukaa kijiweni kunaendana na uvivu, ugomvi wa nyumbani na maumivu ya mgongo, hivyo benchi litang'olewa leo. Benchi likienda, Mama Birika hana pa kuuzia. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

— Hawang'oi kitu! alifoka Sindano, fundi viatu. Someni hapa chini: wameuliza watu watano, maswali thelathini. Watano!

— Kwani hao si watu? akasema Mstaafu, karani wa zamani.

— Watu, sawa, ila wachache mno! Kila swali wamelipambanisha na kila jingine. Kwa watu watano, chochote kitaendana na chochote. Tazama hapa kijiweni: wenye kofia wote wana meno mabovu.

— Mwenye kofia ni mimi peke yangu.

— Na meno je?

Mstaafu akaivua kofia, akaikalia.

— Mimi kila nikipiga chafya umeme unakatika, akadakia Domo, ambaye hajawahi kukosa la kusema. Ofisi initibu mafua, mtaa upate taa!

— Na wateja wangu wenye miguu mirefu ndio wanaomwaga kahawa, akasema Mama Birika. Niwakate miguu?

— Wakaulize mamia ya watu, mtaa mzima! Sindano akalipiga benchi ngumi. Mpaka hapo, hatuinuki!

Tukabanana, tukakaa. Akatokea mwanamume mwenye mtaimbo begani, katumwa na ofisi. Akalisoma tangazo polepole.

— Shikamoo, mama. Samahanini, wazee wangu. Hao watano walioulizwa ni akina nani?

Tukatazamana. Mimi sikuulizwa. Sindano akatikisa kichwa, Mstaafu vilevile, na Mama Birika pia. Domo akajikuna shingo.

— Yule dada wa utafiti alikuja mmezama kwenye drafti. Nikawajibia. Si tunajuana?

— Wote? akafoka Sindano.

— Wote, na mimi wa tano.

— Na maumivu ya mgongo? akauliza Mstaafu.

— Yangu. Nikawagawia.

Mama Birika akamnyang'anya Domo kikombe, akamjazia mwenye mtaimbo.

— Kaa, mwanangu. Ofisi ikitaka kung'oa, imng'oe huyu. Benchi halitoki.