Ukurasa wa Roswitha

Kijiwe cha Mtaa wa Reli, mjini Herne, ni benchi moja la mbao lililowekwa mbele ya kibanda cha Mechthild siku ya Jumanne, tarehe 5 Mei 1987. Kibanda kina dirisha moja, na dirishani humo Mechthild huuza magazeti, sigara, mikate midogo ya asubuhi, peremende nyeusi za kuhesabu moja moja, na kahawa ya birika moja tu kwa siku. Birika likiisha dirisha hufungwa, na hoja iliyokuwa juu ya benchi hubaki hapo hapo kama mwavuli uliosahauliwa. Wenye benchi ni watatu. Szymaniak, aitwaye Makaa, alichimba makaa ya mawe chini ya mtaa huu huu hadi mgodi ulipofungwa. Alwin, aitwaye Baba Njiwa, hufuga njiwa wa mashindano nyuma ya bustani za reli, na huamini kwamba hakuna jambo la binadamu ambalo njiwa hawakulitangulia. Wa tatu ni Gisbert Overkamp, karani mstaafu wa ofisi ya vizazi, ndoa na vifo, ambaye kwa miaka arobaini na sita na miezi tisa hakukosea tarehe hata moja. Kwa hiyo wenzake humwita Tarehe. Asubuhi ya Jumamosi, 15 Oktoba 2022, Tarehe alifika amevaa koti lake zito, na ndani ya koti, upande wa moyo, alikuwa na karatasi moja aliyokata shauri asimpe mtu.

— Umekuja nayo? aliuliza Makaa, akimsogezea nafasi.

— Nimekuja nayo.

— Kwa hiyo unampa huyo mama wa maktaba.

— Nimekuja nayo ili nimnyime ikiwa mkononi. Kunyima kitu ulichokiacha nyumbani si kunyima, ni kusingizia.

— Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako, alisema Baba Njiwa, akilipapasa koti la mwenzake.

— Methali hiyo ni ya adui wa ndani, Alwin.

— Na mimi naongea ya ndani. Si iko ndani ya koti?

Karatasi yenyewe ilikuwa ya mkono wa Volkmar Diestelkamp, mtunzi wa muziki, ambaye kazi zake zimepigwa Köln, Paris na hata Osaka, mbele ya watu waliolipa kiingilio wakakaa kimya. Hapa mtaani muziki wake waliuelewa wachache. Mwenyewe, hata hivyo, aliheshimiwa na wote, kwa kuwa tangu tarehe 1 Septemba 1979 hadi 31 Julai 2013 alifundisha kinanda katika shule ya muziki ya mji, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa na desturi moja. Siku ya kwanza humwuliza mwanafunzi: nyumbani kwenu kuna sauti gani ambayo ikikoma utaitafuta? Wiki ya pili humletea wimbo wa ukurasa mmoja, uliotungwa kutokana na sauti hiyo, umeandikwa kwa wino, una jina na tarehe. Yeye hakubakiza nakala. Sasa mwalimu yuko katika nyumba ya wazee, mikono inamtetemeka na nyimbo zimemtoka kichwani, na maktaba moja ya muziki inazitafuta kurasa zake mlango kwa mlango, ili zipigwe ukumbini Köln. Mtaa mzima ulikuwa umetoa zake. Ulibaki mmoja, wa marehemu Roswitha Overkamp, mke wa Tarehe.

— Lakini mimi nauliza kila siku, alisema Makaa. Mtu mwenye akili zake anatungaje nyimbo mia kadhaa halafu anazigawa kama vipeperushi? Bila nakala?

— Hakupenda wachapishaji, Mechthild alisema kutoka dirishani. Aliniambia mwenyewe, hapa hapa, akinunua peremende. Alisema wimbo ukichapishwa unakuwa na aibu.

— Wewe ulimpigia hesabu ya peremende vibaya, alisema Makaa. Akasema lolote ili aondoke.

— Njiwa, alisema Baba Njiwa.

— Tunajua. Njiwa.

— Nisikilizeni kwanza. Ukitaka kujua njiwa wako ni wa kweli, humfungii. Unampeleka mbali, unamwachia, unakaa nyumbani na saa mkononi. Mwalimu aliwaachia wote. Sasa ndiyo wanarudi, mmoja mmoja. Ndege mwigo hana mazoea.

— Hiyo methali inasema kinyume chake, alisema Tarehe.

— Inasema ndege. Inatosha.

Makaa aliweka kikombe chini, ishara kwamba hoja yake ni nzito.

— Nyinyi hamjui. Mwaka themanini na sita huyu bwana alishuka mgodini na kinasa sauti. Nilimvalisha kofia mimi mwenyewe. Akakaa chini saa sita nzima anarekodi maji yanavyodondoka, magogo ya kushikilia dari yanavyolia. Unadhani alikuwa anatafuta muziki? Alikuwa anapima. Nyumba za mji huu zote zina nyufa kwa sababu chini ni mashimo matupu, na ramani za mashimo hakuna anayezionyesha. Basi yeye akaziandika. Nota ikipanda, njia inapanda. Nota ikishuka, hapo pana shimo. Kila mtoto kapewa kipande cha mtaa wake. Ukiziunganisha hizo kurasa zote, unajua ni nyumba ya nani itazama kwanza.

— Na wimbo wa binti yako je? aliuliza Mechthild. Nao ni shimo?

Makaa aliitazama njia ya reli.

— Wa Danuta ni mambo mengine. Mwalimu alipomwuliza sauti gani, mtoto akasema: kikohozi cha baba asubuhi. Mimi sikuwa na habari. Krismasi ile nimekaa mstari wa mbele, nimevaa tai, nasikia mapafu yangu mwenyewe yanapigwa kwenye kinanda. Watu wanapiga makofi. Kesho yake nikaenda kwa daktari.

— Haikuwa Krismasi, alisema Tarehe kwa upole. Ilikuwa Jumapili ya tarehe 15 Desemba 1991.

— Basi Jumatatu ya tarehe kumi na sita nilikwenda kwa daktari. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hakuna aliyemsahihisha methali hiyo.

— Na ndiyo maana nakwambia umpe, Tarehe, aliendelea Makaa. Wangu umekaa kabatini miaka thelathini. Juzi kijana mmoja wa maktaba kaupiga, nikausikia tena. Nimelala vizuri usiku ule.

— Wewe ulikwisha kuusikia. Mimi wa mke wangu sijausikia hata mara moja.

Wote walijua kwamba Roswitha alianza kujifunza kinanda akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na kwamba alikipiga miaka kumi na minne. Jambo hili walikuwa hawalijui.

— Hata mara moja? Haiwezekani, alisema Baba Njiwa. Mlikaa vyumba vitatu.

— Alipiga mimi nikiwa kazini. Nilirudi nyumbani saa kumi na dakika arobaini, kila siku ya kazi, hamnijui? Nikiwa ngazini nilisikia kitu kwa mbali, chini ya kishindo cha viatu vyangu. Nikiingiza ufunguo, kimya. Nikifungua, yuko mezani anamimina kahawa. Nilimwomba anipigie. Nilimwuliza alitaja sauti gani kwa mwalimu. Hiyo ilikuwa 1998. Akacheka, akasema: "Wewe unaisikia kila siku, Gisbert." Nilistaafu tarehe 31 Desemba 2010. Tarehe 3 Januari niliketi sebuleni, nimechana nywele, nangoja. Akafunga kifuniko cha kinanda, akasema: "Wimbo umekwisha." Hakukifungua tena. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye tulimzika.

Tarehe alinywa kahawa yake, ijapokuwa ilikwisha kupoa.

— Kitu ambacho mtu alikificha kwa mumewe, mimi sitakipeleka ukumbini Köln kikasikilizwe na watu wenye tikiti. Ndiyo hivyo.

— Si tabia ya Roswitha hiyo, alisema Mechthild polepole. Hakuwa mtu wa kuficha. Hata zawadi yako ya siku ya kuzaliwa alikuwa anakwambia wiki moja kabla.

Kabla ya Tarehe kujibu, mwanamke mmoja wa makamo alishuka kwenye baiskeli, akavua glavu, akawasalimu mmoja mmoja. Alijitaja kuwa Jorinde Hasselbach, wa maktaba. Mechthild akamiminia mgeni kahawa. Birika likatoa kikombe kimoja kisichojaa, likakauka.

— Umepata ya mwisho, mama, alisema Mechthild. Mgeni njoo mwenyeji apone. Leo sisi wenyeji ndio tumekauka.

— Bwana Overkamp, alisema mgeni, mimi sikuja kuchukua. Karatasi ni yako. Nikiruhusiwa nitapiga picha tu, na nisiporuhusiwa nitakunywa kahawa hii nirudi. Ila kwenye orodha yetu kila ukurasa una nafasi ya sauti. Mkeo alitaja sauti gani?

Makaa alijikuna kidevu. Baba Njiwa alitazama angani, bila shaka akitafuta njiwa. Tarehe, aliyejua siku ya kuzaliwa ya mtaa mzima, alijihisi kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

— Sijui, alisema.

Kisha, labda kwa sababu mgeni hakuongeza neno, au labda kwa sababu neno hilo lilikuwa limekwisha kumtoka na halikumwua, alitia mkono ndani ya koti akatoa karatasi iliyokuwa katika mfuko wa plastiki.

— Soma tu. Usiimbe.

Jorinde Hasselbach aliisoma kwa muda, kidole chake kikienda juu ya mistari.

— Tarehe 14 Machi 1996, alisema.

— Alhamisi, alisema Tarehe.

— Kuna mkono wa kulia, mwembamba sana, kama mtu anayepanga vikombe. Huo unaendelea tu. Halafu chini, mkono wa kushoto unaanza. Nota moja moja, nzito, zinapanda. Saba, nane, tisa. Hapo zinatua. Zinapumzika kidogo. Kisha zinapanda nne tena. Mgeni aliinamisha kichwa juu ya karatasi, akaendelea. Basi, mstari unaishia hapo, mtupu. Wimbo hauna mwisho. Mwalimu ameandika kwa kalamu ya risasi: "Hapa nyamaza. Mwisho atauleta mwingine." Nimeona kurasa mia tatu na kumi na moja, huu ni wa kwanza kuachwa wazi. Ni kitu gani hicho, mabwana, kinachopanda tisa, kikatua, kikapanda nne?

— Lifti ya mgodi, alisema Makaa papo hapo. Kituo cha tisa kilikuwa na maji, ilisimama pale kila siku.

— Roswitha alikuwa na lifti ya mgodi sebuleni? aliuliza Mechthild.

— Njiwa, alisema Baba Njiwa. Huyo ni njiwa mzee. Kijana anaruka moja kwa moja hadi kwenye ubao wa mlango wa banda. Mzee anapanda kwa miguu, anatua, anavuta pumzi, anapanda tena. Dirisha la jikoni la kina Tarehe linatazama banda langu. Alikuwa anamwona kila jioni.

— Unatia njiwa hata kwenye kaburi la mtu.

— Muulize mwenyewe. Tarehe, si njiwa?

Tarehe hakusikia vizuri. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na vidole vilikuwa vimeushika ufunguo wa nyumba, vikaubana kwa nguvu. Uso wake, ambao wenzake waliujua kuwa mkavu kama muhuri, ulikuwa umelowa chini ya jicho moja, naye hakufanya haraka kuufuta.

— Huenda ni njiwa, alisema.

Baba Njiwa alishtuka. Tangu mwaka 1987 hakuwa ameshinda hoja hata moja dhidi ya karani yule.

— Piga picha, mama, Tarehe aliendelea. Watu wausikie. Karatasi yenyewe inabaki na mimi.

— Asante sana. Na nafasi ya sauti, niandike njiwa?

— Iache wazi.

Wenzake walimtazama. Katika miaka arobaini na sita na miezi tisa, hapakuwa na nafasi iliyoachwa wazi katika daftari la Gisbert Overkamp. Alipata kumrudisha bwana harusi nyumbani kwa sababu hakujua mama yake alizaliwa kijiji gani.

— Wazi, alirudia. Mwalimu aliiacha wazi, mimi ni nani hata niijaze.

Mechthild aliosha birika, akavuta dirisha. Mgeni akapanda baiskeli. Makaa na Baba Njiwa walibaki wakibishana kuhusu lifti na njiwa, hadi mmoja wao alipokumbuka kwamba mwamuzi amekwenda zake bila kuaga.

Nyumba ya Tarehe iko ghorofa ya tatu. Ngazi ya mwisho ina vipandio kumi na vitatu vya mbao. Alivipanda kwa mwendo wake wa kazini, akihesabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwenye cha tisa miguu ilisimama yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kila siku, miaka yote ile, alipohamisha mkoba wake kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto na kuvuta pumzi. Leo hakuwa na mkoba. Alivuta pumzi tu. Kisha akapanda vinne vilivyobaki, akasimama mbele ya mlango, akasubiri kidogo, na ndani palikuwa kimya, kimya kile kile alichokidhani kuwa ni cha kumkataa. Akaingiza ufunguo, akaugeuza mara mbili, taratibu, kama mtu anayeimalizia sehemu yake.