Huu Si Urembo

Mgeni rasmi, wewe mwenyekiti wa bodi ya hospitali. Madaktari, wauguzi, na ndugu zetu mliofika:

KARIBU

Karibu, na ukae vizuri. Kukaa ndiko kulikotuleta.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake kumi na mmoja tuliougua saratani ya sehemu za siri. Tumeshauriwa tuseme "magonjwa ya kina mama" ili usione haya. Jamani! Tuliokatwa hatuoni haya, wewe utaona ya nini?

MAFANIKIO

Tuko hai, tunawashukuru madaktari. Tunasindikizana kliniki, na kidonda cha mwenzetu tunakiosha bila kukunja pua.

KINACHOTUKERA

Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani. Saratani ilimtoka, kovu likabaki, likavuta nyama hadi akikaa anahisi kaa la moto. Harusini kwa mdogo wake alisimama mlangoni kama bawabu. Cherehani yake ya mkono kaiinua juu ya matofali, anashona wima kutwa, miguu imevimba.

Daktari wa ghorofa ya pili, anayeunda upya viungo, alimpima akasema atahamisha nyama ya paja azibe pale. Fomu ikapanda kwenye bodi, ikarudi imeandikwa: "Urembo. Asubiri." Mara tatu!

Fundi akamuuliza karani, "Urembo wa kumwonyesha nani, mwanangu?"

"Mama, mimi napiga muhuri tu."

Alicheka hadi kwenye ngazi, kisha akalia. Hata kulia alilia kasimama.

Aliyeungua uso mnamwekea ngozi mpya, wala hamsemi anajiremba. Au kwa kuwa kwetu hapaonekani? Tumechoka, mgeni rasmi. Kila kukicha kovu linazidi kukaza.

OMBI

Yalikuwa saba. Tumefuta sita, maana mkiletewa mengi mnachagua la kupaka rangi ukuta. Limebaki hili: upasuaji huu uandikwe kuwa matibabu, na fomu ya fundi uisaini leo. Iko hapa mezani, na kalamu tumeijaribu, inaandika.

Na huo mto uliokalia, mgeni rasmi, ni yeye aliyeushona juzi, ili usiumie. Mwangalie, yule pale nyuma. Viti vipo, ila amesimama.

Mungu akujalie afya, na kila uendako ukae bila maumivu.

Ni sisi,
Kikundi cha Tulioambiwa Tumepona.