Vikaratasi vya Mama Nyangi

Bi. Roselyn Nyangi, ambaye sote twamwita Mama Nyangi, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa mhifadhi wa Jumuiya yetu ya Historia. Kamati imeniomba mimi, Wesley Okari, karani wake, niandike maneno ya furaha. Nitajaribu.

Alianza mwaka 1994 na kabati moja lisilofungika. Leo stoo ina vitu mia tatu na kumi na vinane: vigoda, vibuyu, vyungu, mitego ya samaki. Vyote ni vya kuazimwa. Mwenyewe akikitaka chake, anarudishiwa. Hayo ndiyo makubaliano, na watu walimwamini yeye, si sisi.

Hakupokea kitu kabla ya kuketi na mwenyewe na kusikiliza habari zake mpaka chai ipoe. Kisha alikifungia kikaratasi kwa uzi wa katani, chenye nambari ya daftari. Kutoka kisiwa cha Remba alirudi na mtego wa matete ulionuka hata abiria wa boti wakamhamishia kwenye magunia ya dagaa wa omena, wakisema huko hatasumbua mtu. Naye Mzee Werema wa Kehancha, aliyetuazima bangili ya chuma ya babake, alikuja kila Desemba kuikagua. "Hii chuma yangu mnalisha nini, Nyangi? Mbona imekonda?" Mama alicheka, akamwekea chai, akaipaka mafuta mbele yake.

Februari mwaka huu tulitarajia mgeni mkubwa. Mama Nyangi alikuwa amekwenda kumzika kakake. Kamati ikaamua stoo ing'ae. Tuliosha vyungu kwa sabuni, tukapaka vigoda vanishi, na vikaratasi, kwa kuwa eti vingeharibu picha, tukavikata na kuvichoma pamoja na takataka. Mkasi niliushika mimi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu alikaa dakika kumi na mbili, akatuacha mahututi.

Daftari lipo, ndiyo, na nambari na majina, lakini nambari za vitu zimeungua. Lina neno "kigoda" mara arobaini na moja. Kigoda kipi ni cha nani, anajua mtu mmoja tu.

Hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alivua viatu, akaketi sakafuni, akaanza upya kwa kupapasa kimoja kimoja: hiki cha akina Orpah wa Sindo, kile cha mjane wa Sori. Amefikia mia mbili na vinne. Aliomba miezi mitatu zaidi, hata kwa kujitolea. Kamati ikamjibu kwamba umri ni umri. Barua hiyo niliichapa na kuipiga muhuri mimi, na naona aibu.

Asante, Mama. Mungu akupe uzee mtamu na majirani wanaosikia.

Na nyinyi mlioketi ukumbini: vitu mia moja na kumi na vinne bado havijulikani ni vya nani. Ratiba inasema sasa ni keki. Acheni keki. Mama yuko safu ya mbele mpaka saa kumi na moja, gari la kumpeleka kwao litakapofika. Kama nyanya yako alituazima kitu, mshike Mama mkono, ingia naye stoo, akuonyeshe ni kipi. Kisha kibebe uende nacho nyumbani, na usituachie tena.